Maziwa Niliyoyapeleka Ngenge

Dada zangu wa kwaya,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu amenishika mkono mlangoni pa kanisa na kuniuliza, "Damari, huko Ngenge ilikuwaje?" Nami nimejibu kwamba ni habari ndefu, kisha mvua ikaja, au mtu akaja, tukaachana. Basi nimeketi niiandike. Someaneni mkiwa mnamenya ndizi. Habari ya kuomba ruhusa na kufunga mizigo nitaiacha, maana inachosha. Nitawasimulia njia na watu wake.

Nyanga

Kumzika mtoto wetu mlikuwepo. Mliimba, mkanipikia, mkanifulia. Jambo ambalo hamkulijua ni kwamba maziwa hayakupata habari ya msiba. Kila alfajiri yalikuja kama kawaida, yakanijaa mpaka kwapani, nami nilitoka nyuma ya nyumba nikayakamua chini ya migomba, nikayafukia kwa mguu. Kisha nilivaa nikaja kanisani kuimba sauti ya pili. Mkaniambia nina imani kubwa. Mimi nilikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha, mwenyewe yumo ndani lakini haitikii hodi.

Siku moja akaja Shangazi Anastazia. Ni dada wa baba mkwe wangu, aliolewa kwa Wakatoliki na rozari haimtoki mkononi. Aliketi kwenye mkeka, akakataa chakula, akatuambia kwamba binti yake kitindamimba, Paulina, aliyeolewa kule bondeni Ngenge, amefariki siku chache baada ya kujifungua. Mchuuzi wa samaki wakavu ndiye aliyeleta habari.

"Na mtoto?" Yoeli, mume wangu, akauliza.

"Yu hai. Mama mkwe wake anamnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, kwa kibuyu. Hayakai tumboni. Mchuuzi anasema analia mchana kutwa, na sauti inazidi kuwa ndogo."

Alipokuwa akisema hayo alitazama jiko, akatazama paa, akatazama mikono yake. Hakunitazama mimi hata mara moja. Kisha akaaga. Mlangoni aligeuka kama mtu aliyesahau fimbo, lakini hakuja na fimbo. Akaenda.

Ndipo nikaona kifua cha nguo yangu kimelowa.

Nilikwenda kwenye migomba. Sikupiga magoti. Nilisimama nikasema, "Bwana, mtoto umemchukua. Sasa unayataka na maziwa yake?" Nilisema kwa hasira, na kwa Kihaya, ili nisikosee. Sikusikia sauti. Wanaosema huisikia siwapingi. Mimi nilichopewa ni utulivu, na katika utulivu huo nikafahamu kwamba naulizwa, siamriwi. Ningeweza kusema hapana nikarudi ndani kupika, na Mungu asingeniacha. Hilo ndilo lililonishinda. Amri ningeipinga, nilikuwa tayari kwa vita. Lakini mtu anayekualika kwa upole utampigaje?

Yoeli alikuwa anageuza kahawa juu ya majamvi. Nikamwambia, "Nataka kwenda Ngenge."

Aliendelea kugeuza. "Maziwa yatafika?"

"Sijui."

"Nenda na Shangazi. Ile si njia ya mwanamke mmoja." Akaingia ndani, akatoka na blanketi dogo na nguo za mtoto wetu, zimekunjwa vizuri. Sikujua ni yeye aliyezitunza.

Na moyoni, dada zangu, nilikuwa nimekwisha kuifanya hesabu yangu. Nilijiambia: Mungu amefunga mlango mmoja ili afungue mwingine. Nitakwenda na mikono mitupu, nitarudi na mtoto.

Kutoka Nyanga mpaka Maruku

Tulianza kwa miguu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Nguo za mtoto nilizifunga ndani ya blanketi, nikazibeba mgongoni kwa kanga, kwa kuwa kichwani nilikuwa na kikapu cha chakula. Shangazi alitangulia. Ni mwembamba na ana umri, lakini hutembea kama anayefukuzwa. Njiani alisali rozari, na kila alipomaliza kumi moja alinigeukia: "Umekamua?"

"Bado, Shangazi."

"Kaa hapa. Kamua kidogo. Ukiyaacha yakuume yatakauka, ukiyakamua yote utachoka."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu: Salamu Maria kumi, kisha mimi nyuma ya mgomba wa mtu. Mchana tulikula bitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage yaliyofungwa kwenye jani, yamepoa lakini matamu. Mvua ya mwisho ya masika ikatukamata, tukajibanza chini ya kibanda cha kukaushia kahawa mpaka jua likaanza kushuka.

Maruku tulifikia kwa rafiki ya Shangazi, mke wa mtu anayefanya kazi kwenye shamba la serikali wanakojaribu mbegu za kahawa na migomba. Alitupokea kwa shangwe, akatuletea kahawa ya kutafuna katika kijikapu, kama ilivyo desturi. Kisha akanijia nyuma kwa hatua za upole, mikono ameinyoosha.

"Mshushe mtoto, mama, naye apumzike. Nimpokee?"

Alidhani lile furushi ni mtoto. Na lilivyokaa mgongoni, kweli, nani asingedhani? Mikono yake ilikuwa hewani, na mimi nimesimama pale na blanketi lisilo na mtu.

Shangazi akasema polepole, kwa heshima, "Mtoto tunamfuata, waitu. Yuko mbele."

Yule mama alielewa zaidi ya alichoambiwa. Alilipokea lile furushi kwa mikono miwili, akalilaza kitandani kwake taratibu, akalifunika upande mmoja. Halafu akaenda kunipikia uji wa ulezi na karanga, akanisimamia mpaka nikamaliza bakuli zima. Sijui hata jina lake la ubatizo. Nimemwombea kila siku tangu siku ile.

Lori la kahawa

Pale Maruku tulipata lori lililokuwa likienda Muleba kuchukua kahawa. Dereva alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu, Kiswahili chake kinakwenda mbio, na Shangazi Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi.

"Mama, mnashuka wapi?" dereva akauliza.

"Tunashuka Ngenge," Shangazi akajibu.

"Ngenge? Gari hili haliendi Ngenge! Mwisho wake Muleba."

"Muleba tunapita. Tunashuka Ngenge."

"Nimekwambia siendi huko, mama. Hakuna barabara!"

"Nani amesema barabara? Tunashuka kwa miguu. Huko ni chini!"

Walibishana hivyo mpaka watu wakakusanyika. Nilipowapatanisha, dereva alicheka mpaka akashika tumbo, na tangu hapo akamwita Shangazi "Mama Kushuka", akamketisha mbele karibu naye. Mimi nilipanda nyuma juu ya magunia matupu.

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko mmoja mvua ilikuwa imekula njia, na lori likazama tope mpaka ekseli. Dereva alikata matawi, akaomba majembe, akaita watu. Lori likazidi kukaa, kama kuku anayeatamia. Jioni ikatukuta pale pale, na kesho yake pia. Watu wa kijiji walitupa mahali pa kulala na ndizi za kuchoma, lakini mimi sikuweza kula kwa wasiwasi.

Maana maziwa yalikuwa yanapungua. Asubuhi ya pili nilikamua yakatoka matone tu, kama jasho. Nilimwonyesha Shangazi kiganja changu.

"Twende kwa miguu?" nikamwuliza.

"Ukitembea na njaa yataisha kabla ya Muleba." Akakaa chini kwenye nyasi. Tangu tuanze safari sikuwa nimemwona akikaa chini bila kazi.

Tulipokuwa hapo tukasikia watoto wakilia katika nyumba ya jirani, watoto wawili kwa pamoja. Shangazi akainua kichwa. "Mapacha," akasema.

Tukaenda kupiga hodi. Mama wa mapacha, Tereza, alikuwa msichana aliyekonda, kila mkono mtoto, mmoja ananyonya na mwingine anapiga kelele. Mama mkwe wake alitukaribisha vizuri mpaka Shangazi alipoeleza shida yetu: kwamba mimi nina maziwa yanayotaka kukauka, na pale yuko mtoto anayetaka maziwa.

"Na mtoto wako mwenyewe yuko wapi?" yule mama mkwe akaniuliza.

"Nimemzika."

Akarudi nyuma hatua, akajiweka kati yangu na wajukuu zake. "Hapana. Samahani sana, waitu. Ziwa lililozika lisiguse mapacha wangu."

Sikumkasirikia. Mwenyewe nilikuwa nimewaza jambo hilo hilo, alfajiri zile nilipokuwa nikiyafukia: kwamba pengine ubaya uko ndani yangu. Nilifunga kanga, nikageuka kuondoka.

Lakini Tereza akasema, "Mama, huyu analia tangu jana."

"Nimesikia."

"Wewe humnyonyeshi. Mimi ndiye namsikia hata anaponyamaza." Akainuka, akapita pembeni mwa mama mkwe wake kwa adabu, kama mtu apitaye mbele ya mkubwa, akaniwekea mtoto mapajani. Alikuwa wa kike, ana hasira, mikono imekunjwa. "Mpe," akaniambia. "Mungu anatuona sote wawili."

Yule mtoto alishika kwa nguvu mpaka nikatoa sauti. Kwa muda hakupata kitu, akavuta, akaacha, akalia, akavuta tena. Kisha nilihisi yakishuka. Mnaofahamu mnafahamu, ni kama sindano nyingi za moto, halafu amani. Nililia juu ya kichwa chake. Tereza naye alilia. Mama mkwe alikuwa amesimama na mkono mdomoni, na mtoto aliposhiba akalala, alikuja akamtazama usoni, akamgusa tumbo, akatoka nje. Baadaye akarudi na kuku aliyechinjwa. Alinipikia mchuzi kwa mikono yake, na akauleta akiwa amepiga magoti.

Lori lilichelewa pale siku nyingine tena, nami nilimnyonyesha yule pacha wa kike asubuhi na jioni. Sijui kama Mungu ndiye aliyelizamisha gari lile. Dereva alikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo, na hayaandikiki. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimeomba, "Bwana, nifikishe upesi," na yeye akanipa Tereza.

Kushuka

Lori lilipotoka kwenye tope likatufikisha Muleba, na huko tulimkuta yule mchuuzi wa samaki aliyeleta habari za msiba. Alikuwa anarudi bondeni, akakubali tufuatane. Ni mtu asiyependa maneno. Shangazi alimwuliza kila kitu juu ya siku za mwisho za Paulina, naye alijibu, "Sikuona, mama," au "Nilisikia tu." Lakini nilimwona akipunguza mwendo kila Shangazi alipoanza kuhema, akijifanya anafunga upya mzigo wake.

Kutoka kule juu, nchi inabadilika chini ya miguu yako. Migomba inakwisha, unaingia kwenye rweya, nyasi tupu mpaka macho yanachoka. Kisha njia inateremka na joto linapanda kukulaki. Nilivuka kinamasi chenye mafunjo, maji yakifika magotini, Shangazi amenishika kiuno na rozari yake ameiuma kwa meno isilowe. Tulilala kijiji kimoja ambako walitupa ugali wa mtama na samaki wa mchuuzi wetu mwenyewe, ambaye hakutaka kupokea chochote kwa ajili yao. Huko bondeni watu huzungumza Kihaya kwa mwendo mwingine, nami ilinibidi niulize mara mbili mbili, wao wakanicheka kwa wema.

Tulifika kwa Gaspari, mkwe wa Shangazi, mchana jua likiwa kali. Mwenyewe alikuwa shambani. Mlangoni alisimama mama yake, Ma Nyakato, bibi mfupi mwenye mabega mapana, na kifuani mwake kitu kilichofungwa kwa nguo. Alitutazama tukija uani. Alipomtambua Shangazi aliingia ndani, akafunga mlango.

"Mmekuja kumchukua," akasema kutoka ndani.

Mchuuzi akashusha mzigo wake akatazama pembeni. Nami nilijua kwamba alikuwa amesema kweli yangu.

Shangazi Anastazia, ambaye ndiye mwenye msiba, ambaye alipaswa kulakiwa kwa kilio na kushikwa mabega, alipiga magoti mbele ya mlango uliofungwa. Akamwamkia Ma Nyakato kwa salamu zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja: za mchana, za nyumba, za ng'ombe, za wagonjwa. Kisha akasema, "Nimekuja nionyeshwe alipolala Paulina. Na huyu mke wa mwanetu amekuja na maziwa. Hakuna mwingine aliyekuja."

Halafu tukasikia kisauti, chembamba kama mlio wa kifaranga aliyepotea. Mlango ukafunguliwa.

Dada zangu, nilipompokea nilidhani nimepewa nguo tupu. Alikuwa mzee, yule mtoto. Ngozi imekunjamana, macho makubwa yanatazama mbali. Nikampa ziwa, naye akaligeuzia uso. Nikajaribu tena. Hakujua ni kitu gani. Alikuwa amejua kibuyu tu, na nguvu ya kujifunza hakuwa nayo. Nilikuwa nimetembea njia ile yote, na maziwa yanatiririka mpaka tumboni kwangu, na mtoto hataki.

Ma Nyakato akaniketisha. Akaketi mbele yangu, goti kwa goti. Akachovya kidole chake kwenye maziwa yangu, akakitia kinywani mwa mtoto, akiimba kwa pumzi tu, "Taata, taata, taata," yaani baba. Mtoto alikijua kile kidole. Akakinyonya. Bibi akakivuta polepole kuelekea kwangu, akachovya tena, akavuta tena, mpaka kidole na ziwa vikawa mahali pamoja. Kisha akakitoa.

Alinyonya kidogo, akalala. Akaamka akanyonya tena. Ilipofika jioni alikojoa, na Ma Nyakato akapiga vigelegele kama aliyeona mvua baada ya kiangazi.

Ngenge

Nilikaa Ngenge muda mrefu kuliko nilivyomwambia Yoeli. Shangazi alilima palizi kwenye kaburi la bintiye, akapanda maua mekundu, akazoea kukaa hapo jioni. Mimi nilikuwa na kazi moja tu. Mtoto, ambaye katekista alimbatiza Petro usiku alipozaliwa kwa hofu ya kufa, alianza kurudi kutoka huko alikokuwa amekwenda. Mashavu yakaja. Sauti ikaja. Siku moja alinicheka huku maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo.

Kila jioni walisali rozari, nami niliketi nao kwa heshima. Wakimaliza, Gaspari alisema, "Haya, Mlutheri, sasa zamu yako," nami nikaimba moja ya zile nyimbo zetu. Ma Nyakato alisema nyimbo zetu ni ndefu mno lakini zinatuliza mtoto.

Gaspari ni mtu mpole, anazungumza akitazama ardhi. Asubuhi moja alinijia nikiwa nimekaa uani, akasema, "Nimefikiri. Huku kuna homa, na mama yangu amezeeka. Kwenu juu kuna dispensari, kuna shule. Mchukue Petro. Mlee mpaka akue. Ni wewe uliyemrudisha."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu Nyanga. Lilikuja bila mimi kuliomba, kama zawadi iliyofungwa vizuri. Ma Nyakato alisikia. Alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, akachukua nguo za mtoto, akaenda nazo kisimani kuzifua, moja moja, ili ziwe safi kwa safari.

Nilibaki na mtoto uani. Nikamwinua usawa wa uso wangu, nikamwambia kwa furaha, "Umesikia? Samweli, twende nyumbani."

Ma Nyakato alikuwa amerudi kuchukua nguo aliyoisahau. Akasimama. "Samweli ni nani?" akaniuliza.

Samweli ndilo jina la mtoto wangu. Tangu tulipomzika sikuwa nimelitamka. Si kwa Yoeli, si kwenu, wala katika maombi. Na sasa nililisikia likiwa hewani, juu ya mtoto wa mtu mwingine, nikajua kwamba kwa siku nyingi nilikuwa nikimwita hivyo kimoyomoyo kila nilipomweka kifuani.

Kilio kilichonitoka kilimtisha hata Petro. Ma Nyakato alimchukua kutoka mikononi mwangu, akampa Shangazi aliyekuja mbio, kisha akakaa ardhini akanivuta mimi, mtu mzima, akanilaza mapajani pake. Nililia mpaka nikaishiwa machozi. Alinipangusa uso kwa ile nguo ya mtoto iliyolowa.

"Mimi nimezika watatu," akasema. "Kila mmoja alikuwa na jina lake. Mwana wange, usimpe huyu kazi ya kuwa yule aliyekwenda. Ni kazi kubwa mno kwa mtoto mdogo."

Kisha akaongeza, kwa shida, maana ilimgharimu, "Ukimchukua, mchukue akiwa Petro."

Siku zilizofuata niliomba kuliko nilivyowahi kuomba. Nilikwenda kando ya kaburi la Paulina, mahali Shangazi alipozoea kukaa, nikazungumza na Mungu kuhusu Samweli kwa jina lake. Nilimweleza alivyokuwa, nywele zake, alivyopiga chafya akiona jua. Alinisikiliza. Hilo nawaambia bila wasiwasi: alinisikiliza, kama mtu aliyekuwa ameketi hapo siku nyingi akingoja nifike. Mimi nilidhani ameniita Ngenge kwa ajili ya maziwa. Maziwa aliyataka kweli, mtoto ni hai. Lakini alikuwa ameniita na mimi.

Na nilipomwuliza habari ya Petro, ule utulivu wa migombani ulirudi. Naulizwa, siamriwi. Ningeweza kumchukua, na isingekuwa dhambi. Nikamtazama Ma Nyakato akipita karibu na mtoto, na mtoto akigeuza kichwa kufuata sauti yake hata akiwa kifuani kwangu. Nikajua jibu ninalotaka kulitoa, na nikashangaa kwamba ni mimi ninayelitaka.

Nilimwambia Gaspari nitakaa mpaka Petro aweze kula, kisha nitamwacha kwao. Tulimwanzishia uji, kisha ndizi iliyopondwa, ambayo alitutemea sote kwa zamu. Nilimnyonyesha asubuhi tu, halafu siku moja sikumnyonyesha, naye hakudai.

Siku ya kuondoka nilimpa Ma Nyakato mikononi. "Huyu hapa Petro," nikasema.

"Huyu hapa Petro," akaitikia. Akanishika shingo. "Na Samweli nitamtaja nikisali. Rozari yangu ina nafasi."

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na mengi. Kinamasi kilikuwa kimepungua. Tulipita kwa Tereza, mapacha wamenenepa, yule niliyemnyonyesha akanikataa kabisa, akalia nilipomgusa, tukacheka sote pamoja na mama mkwe. Shangazi aliniacha kwenye njia panda ya kwao. Alinitazama safari hii, moja kwa moja machoni. "Siku ile sikuthubutu kukuomba," akasema.

"Najua, Shangazi."

"Wakola waitu," akanishukuru, akaondoka kwa mwendo wake ule ule wa kufukuzwa.

Nilimkuta Yoeli kwenye kibanja, anafyeka majani makavu ya migomba karibu na kaburi la mtoto wetu. Alinitazama mgongoni, akaona kanga tupu. Alinitengenezea mahali pa kukaa kwa majani yale yale makavu, nami nikamsimulia yote, jua likiwa bado juu, kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipofika pale Ma Nyakato alipouliza Samweli ni nani, Yoeli aliweka panga chini.

"Umemtaja," akasema.

"Nimemtaja."

Alitazama mikono yake. "Mimi sijamlilia, Damari. Nilidhani nikianza mimi, wewe utaanguka."

"Nimekwisha kuanguka," nikamwambia, "na nimeokotwa. Njoo."

Akaja.